Mchoro Unapokwama: Kutafuta Chanzo cha Makosa Unapomfundisha Mtoto Kuchora Hatua kwa Hatua Nyumbani

Mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani ana nafasi ambayo mwalimu wa darasa lililojaa hana: anaweza kukaa kando ya mwanafunzi mmoja na kuitazama penseli inavyokwenda tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nafasi hiyo hupotea kwa urahisi, kwa sababu wengi wetu huinua macho pale tu mtoto anapoomba msaada, tukatazama sehemu aliyokwama na kurekebisha papo hapo. Katika uchoraji wa hatua kwa hatua, kosa hujitokeza katika hatua ya nne au ya tano ilhali limezaliwa katika hatua ya kwanza au ya pili. Masikio ya paka yamekosa nafasi kwa sababu duara la kichwa lilichorwa likigusa ukingo wa karatasi, na hakuna somo la masikio litakaloyapatia nafasi hiyo.

Kwa hiyo, katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini, pendekezo langu la kwanza ni lile lile: kabla hujasahihisha kinachoonekana, rudi hatua moja nyuma, na ikibidi mbili, ukague kilichofanyika huko.

Anza na meza

Yako makosa ambayo hayatokani na mtoto wala na somo. Karatasi inapolala mezani na mtoto akaitazama kwa mshazari, sehemu yake ya juu huwa mbali zaidi na macho kuliko sehemu ya chini, na kwa hiyo mchoro ulioonekana sawa alipokuwa amekaa huonekana umevutika upande wa juu unaposimamishwa wima. Mzazi akiona kwamba vichwa vya wanyama wote vinakuwa virefu kupita kiasi, asianze kufundisha vipimo vya kichwa. Amwekee mtoto ubao mwepesi ulioegemea ukingo wa meza, ili karatasi imwelekee uso kwa uso. Taa nayo ikae upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, na upande wa kulia kwa anayetumia mkono wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike mahali penseli inapogusa.

Penseli ichunguzwe pia. Ugumu wake hutokana na mchanganyiko wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, mbinu ambayo mvumbuzi Nicolas-Jacques Conté aliipatia hati ya haki ya uvumbuzi nchini Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na huandikwa H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi zaidi, nayo huandikwa B. Mtoto aliyepewa penseli ya 2H hukandamiza ili mstari wake uonekane, na hapo karatasi hupata mfereji ambao hakuna raba itakayouondoa. HB, iliyo kati ya ngumu na laini, au 2B inatosha kwa karibu kila somo la mwanzo.

Mistari ni mizito na raba inatoboa karatasi

Kama penseli ni ile inayofaa na bado mistari ni mizito, tazama vidole. Mtoto aliyezoea kuandika hushika penseli karibu kabisa na ncha, na mshiko huo unafaa kwa herufi kwa kuwa herufi ni ndogo. Duara lenye upana wa kiganja linahitaji mkono usogee kuanzia kwenye kiwiko, au hata begani, na vidole visogee nyuma hadi katikati ya penseli. Akishika hivyo, uzito wa mkono hupungua wenyewe, bila wewe kumwambia "usikandamize", maneno ambayo huwafanya watoto wengi wakaze mkono zaidi.

Sababu nyingine iko katika somo lenyewe. Masomo mengi ya hatua kwa hatua huonyesha mistari yote kwa uzito mmoja, na mtoto hajui ni ipi itakayobaki na ipi ni ya kuongoza tu, itakayofutwa baadaye. Mwambie mapema. Kwa mtoto mdogo, mistari ya kuongoza ichorwe kwa penseli ya rangi hafifu, kwa mfano ya samawati iliyopauka, kisha mistari ya mwisho ichorwe juu yake kwa penseli ya kawaida. Hapo raba haihitajiki kabisa, na mtoto huona wazi kwamba kuna mistari ya kutafutia na mistari ya kuamulia. Mimi hupendelea njia hii kuliko kumnyima mtoto raba, kwa sababu anayenyimwa raba huku akiogopa kukosea huchora kwa woga, na woga huo ndio unaokaza vidole.

Mstari unaotetemeka hutibiwa kwa njia inayokaribiana na hiyo: mtoto apitishe penseli hewani, juu kidogo ya karatasi, akifuata njia ya mstari mara mbili au tatu, kisha aishushe na kuuchora kwa mwendo mmoja, macho yakiwa mahali mstari unapokwenda kuishia.

Mchoro unatoka nje ya karatasi, au unajikunja kwenye kona

Hapa chanzo ni kimoja karibu kila mara: somo halikuwa na hatua ya kuweka ukubwa. Mtoto ameanza na jicho au pua, kwa sababu ndicho kilichomvutia, akaendelea mpaka karatasi ikaisha kabla ya miguu. Ongeza hatua ambayo vitabu vingi huiruka. Kabla ya umbo lolote, mtoto aweke alama nne ndogo: kitu kitakapoishia juu, chini, kushoto na kulia. Baada ya hapo hana ruhusa ya kuzivuka. Kwa mtoto anayechora vidogo sana, alama hizo ziwekwe na mzazi mara chache za mwanzo, karibu na kingo za karatasi, hadi mkono uzoee ukubwa huo.

Amefuata kila hatua, lakini matokeo hayafanani na mfano

Hii ndiyo dalili inayowavunja moyo watoto wengi, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi. Mtoto anasema kweli: amefuata hatua zote. Tatizo ni kwamba hatua moja ndani yake ina maamuzi kadhaa, na somo limemwonyesha moja tu.

Chukua somo la ndege aliyetua kwenye tawi. Hatua ya kwanza ni umbo la yai, hatua ya pili ni duara la kichwa, ya tatu ni mkia, ya nne ni mdomo na bawa. Mtoto anachora yai, lakini yai la mfano limeinama na lake limelala. Anachora duara, lakini duara la mfano limeingia kidogo ndani ya yai na lake limekaa kando, likiacha pengo. Mpaka hapo hakuna kinachoonekana kibaya. Ni yai na ni duara, kama somo lilivyosema. Inapofika hatua ya nne, analazimika kuchora shingo ili kuziba pengo, na ndege mdogo wa kwenye tawi anageuka bata anayekaribia kuanguka kifudifudi. Mtoto anafuta shingo, anaichora upya, anaifuta tena. Hata akiirudia mara nyingi haitatengemaa, kwa kuwa shingo haikupaswa kuwapo.

Dawa ni kuivunja hatua katika maswali matatu, ambayo mtoto anajibu kwa sauti kabla ya kuendelea. Umbo limeelekea wapi? Likilinganishwa na lile lililotangulia, ni kubwa kiasi gani? Yanagusana au kupishana wapi hasa? Swali la mwelekeo ndilo gumu zaidi kwa watoto, na linakuwa rahisi wakifikiria mshale wa saa: mgongo wa ndege umeelekea kwenye namba 2 au namba 4 ya saa? Swali la ukubwa lipimwe kwa ukanda wa karatasi: weka ukanda juu ya mfano, tia alama mbili za upana wa kichwa, kisha uone upana huo unaingia mara ngapi katika urefu wa mwili. Uwiano huo huo utafutwe katika mchoro wa mtoto. Haijalishi kama mchoro wake ni mdogo kuliko mfano, mradi hesabu ya mara ngapi ibaki ile ile.

Kwa mtoto mkubwa anayechora kitu halisi, ukanda unabadilishwa na penseli iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa kabisa, jicho moja limefumbwa, kidole gumba kikisogea kwenye penseli hadi kwenye mwisho wa kitu. Mkono ukikunjwa hata kidogo kati ya kipimo kimoja na kingine, vipimo vyote vinaharibika. Nimeona hili ndilo kosa la kwanza la kukagua mtoto anaposema kwamba upimaji haumsaidii.

Katika nyuso za watu dalili huwa ileile kila mahali: macho yako juu mno na paji la uso limekaribia kutoweka. Macho ya mtu hukaa takriban katikati ya urefu wa kichwa, kuanzia utosini hadi kidevuni, na nafasi kati ya macho mawili hukaribia upana wa jicho moja. Mwili mzima wa mtu mzima una urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu, ilhali wa mtoto mchanga ni takriban vichwa vinne. Usimpe mtoto namba hizi kama kanuni ya kukariri. Mpe kioo na ukanda wa karatasi ajipime mwenyewe, na mstari wa katikati wa macho hautamtoka tena.

Kikombe kina mdomo wa duara kamili na kitako kilichonyooka

Mtoto anajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara, na anajua kwamba kitako kinakaa juu ya meza iliyonyooka, basi anachora anachokijua. Mtafiti Mfaransa Georges-Henri Luquet alieleza mwelekeo huu wa watoto karibu karne moja iliyopita: mtoto huchora kile akili yake inachokijua kuhusu kitu, hata kama jicho lake halikioni kutoka pale alipokaa. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa, naye alionyesha kwamba uchoraji hukua kwa vipindi, na kwamba hamu ya kuvifanya vitu vionekane kama vilivyo huanza kujitokeza takriban umri wa miaka tisa.

Kwa hiyo, swali la kwanza katika dalili hii ni umri. Mtoto wa miaka sita aliyechora kikombe hivyo hana kosa la kurekebishwa, na kumlazimisha kuona "sahihi" ni kumwondolea furaha bila kumwongezea ujuzi. Mtoto wa miaka kumi anayelalamika mwenyewe kwamba kikombe chake "kimekaa vibaya" yuko tayari. Mpe kikombe halisi akiinue hadi usawa wa macho: mdomo utaonekana kama mstari mmoja. Akishushe polepole: mstari utafunguka na kuwa duaradufu, yaani duara lililobanwa, na kadiri kinavyoshuka ndivyo duaradufu hilo linavyopanuka. Kitako kiko chini zaidi ya mdomo, hivyo mviringo wake ni lazima upinde zaidi ya ule wa juu, hata kama tunaona nusu yake tu. Baada ya jaribio hilo, achore duaradufu zima la kitako kwa mstari hafifu, kana kwamba kikombe ni cha kioo, kisha afute nusu isiyoonekana. Akipata ncha kali pembeni mwa duaradufu, mweleze kwamba mstari hauvunjiki popote. Unageuka kwa haraka tu.

Ananakili vizuri, lakini bila hatua hawezi kuchora chochote

Wazazi wengi hawaioni hii kama dalili, kwa sababu michoro iliyobandikwa ukutani inapendeza. Inajitokeza siku mtoto anapoombwa kuchora paka aliyelala, naye anachora tena yule paka aliyekaa wa kwenye somo, au anauliza hatua ziko wapi. Kwangu hili ni kosa zito kuliko mistari mizito na vikombe vilivyopinda, kwa kuwa linaonyesha kwamba mkono umefanya kazi na jicho limepumzika.

Chanzo ni kwamba hatua zimeongezwa siku zote bila kuondolewa hata siku moja. Kila mada ifundishwe mara kadhaa, na kila mara msaada upungue. Mara ya kwanza mtoto afuate hatua zote. Mara ya pili afunikiwe hatua za katikati, abaki na ya kwanza na mchoro uliokamilika, azijaze mwenyewe. Mara ya tatu apewe picha ya mnyama yule yule katika mkao mwingine, au akielekea upande wa pili, na kazi yake iwe kutafuta maumbo makubwa mawili au matatu yaliyo ndani ya picha hiyo. Kutafuta maumbo ndiko ujuzi wenyewe. Hatua zilizochapishwa ni majibu ya mtu mwingine aliyekwisha kutafuta.

Jaribio zuri la kujua kama ameelewa ni kumwomba aandike somo lake: achague kitu kilichopo nyumbani, labda kiatu, kisha atengeneze hatua nne ambazo mdogo wake au mzazi anaweza kuzifuata. Mzazi azifuate kwa uaminifu, bila kujaza kwa akili yake kile ambacho mtoto amesahau kukionyesha. Kiatu kikitoka bila kisigino, mtoto atajua mara moja hatua gani imerukwa. Mzazi anayesema hajui kuchora ana faida hapa, kwa kuwa hana mazoea ya kumsaidia kuficha mapengo ya somo.

Ukiona ananakili kwa haraka bila kutazama mfano, geuza mfano juu chini na achore hivyo hivyo. Akishindwa kutambua kwamba hili ni sikio na lile ni jicho, hulazimika kufuata mistari na nafasi zilizo kati yake jinsi zilivyo.

Kivuli kimekuwa kijivu kitupu

Kagua taa kwanza. Kitu kinachopata mwanga wa dirisha upande mmoja na wa balbu upande wa pili hakina kivuli cha kueleweka, na hata mchoraji mzoefu angetatizika. Zima kimoja. Kisha mtoto achore visanduku vitano mfululizo, cha kwanza kibaki cheupe na cha mwisho kiwe cheusi kadiri penseli inavyoweza. Mara nyingi utagundua kwamba weusi wake wa mwisho ni kijivu cha kati tu. Kupaka kwa kidole kuepukwe, maana mafuta ya ngozi huifanya grafiti ishike karatasi na kuacha madoa.

Anasema "siwezi", au anachana karatasi

Tenganisha uchovu na kukata tamaa, kwa maana tiba zake zinapingana. Mtoto aliyechoka alianza vizuri, na mistari yake ikaharibika kadiri muda ulivyosonga. Anahitaji somo fupi zaidi, pengine dakika kumi na tano badala ya saa nzima, na ruhusa ya kumalizia kesho. Mtoto aliyekata tamaa hukwama mapema, mara nyingi kwenye hatua ile ile kila siku, na kumpumzisha kunamfanya aiogope zaidi. Huyu anahitaji hatua hiyo igawanywe mara mbili.

Usichore kamwe juu ya karatasi ya mtoto. Najua jinsi inavyovuta, hasa mstari mmoja tu unapokosekana. Lakini mstari huo ukishakuwa wa mzazi, mchoro wote unaacha kuwa wa mtoto, naye atajifunza kusubiri mkono wako. Kaa kando yake ukiwa na karatasi yako, chora pale alipokwama, mwachie atazame, kisha arudi kwenye yake.

Angalia pia mfano unaomwekea mbele. Nyumbani hakuna wanafunzi wenzake ambao michoro yao imepinda kama yake, hivyo kipimo pekee anachokiona ni mchoro safi wa mtu mzima. Tia tarehe kwenye michoro yake yote, hata iliyoharibika, uitunze kwenye jalada, na anapolalamika umwekee ya miezi michache iliyopita ajilinganishe nayo.

Ndugu wa umri tofauti kwenye meza moja

Mdogo anaharakisha ili amfikie mkubwa, na mkubwa anachoka kusubiri. Somo libaki moja, hatua ziishie mahali tofauti. Mdogo akamilishe maumbo makubwa na kupaka rangi. Mkubwa aendelee na uwiano, kisha kivuli. Wakae pande ambazo hawaoni karatasi ya mwenzake mpaka wote wamalize.

Anayetumia mkono wa kushoto

Mchoro ukichafuka na ubavu wa kiganja ukawa mweusi, aanzie upande wa kulia wa karatasi akielekea kushoto, na aweke kipande cha karatasi safi chini ya mkono. Kama wewe unatumia mkono wa kulia, keti mkitazamana unapomwonyesha, ili mwendo wa mkono wako uwe sawa na ule anaouona kwenye kioo.

Somo la video linamwacha nyuma

Video isimamishwe na mtoto mwenyewe, si na mzazi, na asiendelee mpaka amejibu yale maswali matatu ya mwelekeo, ukubwa na mguso. Iwapo anasimamisha kila sekunde chache, video hiyo ina hatua kubwa mno kwake; piga picha za skrini katika sehemu nne au tano na umfundishe kwa picha hizo.

Dalili ambazo somo haliwezi kuzitibu

Mtoto anayekaribisha uso sana kwenye karatasi, anayefumba jicho moja hata asipopima, au anayelalamika kwamba kichwa kinamuuma kila anapochora na kusoma, apelekwe kupimwa macho kabla ya kubadilishiwa masomo. Vivyo hivyo, mkono unaouma au kuchoka mapema kuliko wa watoto wa umri wake, hasa kama anatatizika pia kufunga vifungo na kutumia mkasi, uonwe na mtaalamu wa afya. Wakati wa kusubiri majibu, asiachishwe kuchora: mpe karatasi kubwa, chaki nene na ukuta au sakafu ya kuchorea, ambako bega linafanya kazi na vidole vinapumzika.